Paa Nene la Mzee Kurbonali

Kitendawili hiki ni chako, mjukuu wangu, wewe unayesoma. Kila mwaka namvika nguo mpya asilowe. Ya zamani simvui. Ni nguo juu ya nguo, mpaka magoti yanamtetemeka. Ni nani huyo?

Fikiri kidogo. Sitakuomba mji. Ukishindwa nitakupa jibu bure: ni paa la nyumba ya udongo.

Huku kwetu milimani mapaa ni bapa. Wakati wa joto tunaanika matunda ya mishmishi juu yake. Kabla ya theluji tunachanganya udongo na makapi ya ngano, tunaukanyaga kwa miguu mpaka unate, kisha tunaupaka paani. Mwanamume ambaye hajapaka paa lake husemwa kisimani.

Mzee Kurbonali hakusemwa hata mara moja. Hakuruka mwaka. Mkewe, Sharofat, alijivunia jambo hilo kuliko mabinti wanavyojivunia hereni.

"Paa letu ndilo nene kuliko yote hapa," alikuwa akisema.

"Nene kama kichwa cha mwenyewe," majirani walimjibu, naye alicheka.

Mwaka huo mwana wao alikuwa kazini Urusi. Mkewe, Mehrangez, alibaki na wakwe zake. Alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, na arobaini yake ilikuwa haijaisha. Hakutoka nje. Mtoto naye hakutoka. Susu ya mtoto, yenye miguu ya mbao, iliwekwa katika chumba kikubwa, karibu na jiko la kuni, chini ya boriti kubwa. Hapo ndipo penye joto.

Mehrangez alishinda katika chumba hicho kutwa nzima. Alikijua sasa kama anavyoujua uso wa mwanawe. Ndiyo maana aliona mambo ambayo wengine hawakuyaona.

Kwanza ulikuwa mlango. Ulianza kukwama juu. Sharofat aliusukuma kwa nyonga.

"Mbao zimevimba kwa unyevu," alisema.

Kisha ulitokea ufa. Ulianzia pembe ya dirisha, ukapanda ukutani kwa mshazari. Sharofat aliupaka chokaa. Siku chache baadaye ufa ulirudi, tena mpana zaidi.

Kisha vumbi lilianza kudondoka kutoka darini.

"Mama, kuna mchanga ndani ya chai," Mehrangez alisema.

"Kunywa, mwanangu. Ni udongo wetu wenyewe. Tungekuwa tunakufa kwa huo, tungeshakwisha."

Halafu ikaja mvua. Ilinyesha mchana kutwa, ikaendelea. Asubuhi moja tone lilianguka karibu na susu. Likaanguka la pili. Mehrangez aliweka beseni. Akasikia kitu kingine juu ya kichwa chake. Boriti ililia, *kwaa*, kama mtu anayejinyoosha mgongo unaouma.

Alimvuta mtoto kifuani.

"Baba! Umesikia?"

"Nimesikia," alijibu Mzee Kurbonali. Alikuwa tayari amekunja suruali. Nje, chini ya kibanda, lundo la udongo wa makapi lilikuwa linamngoja. "Paa linavuja. Nitaongeza tabaka moja, litaacha."

Alichukua ndoo ya udongo, akaelekea kwenye ngazi.

Mehrangez hakuweza kumfuata nje. Alifungua dirisha, akapaza sauti kuelekea nyumba ya pili.

"Ami Hikmat! Ami Hikmat, njoo upesi! Baba anapanda paani!"

Hikmat alikuwa seremala na mjenzi. Alitokea akiwa na nyundo mkononi na kipande cha mkate mdomoni. Alimkuta Kurbonali katikati ya ngazi.

"Kaka, shuka."

"Nishuke nini? Huoni maji?"

"Naona. Shuka kwanza, ndipo unitukane."

Kurbonali alishuka huku ananung'unika. Hikmat aliiweka ndoo mbali, kisha akaokota nondo ya chuma, akapanda ngazi yeye mwenyewe. Hakukanyaga paa. Alisimama kwenye ngazi, akachoma nondo pembeni mwa paa. Nondo ilizama, ikazama, ikazama.

"Paa la udongo linatosha likiwa na unene wa shubiri moja," alisema alipotua chini. "La kwenu limeimeza nondo kwa urefu wa mkono wangu mpaka kiwiko. Na sasa limelowa. Udongo mkavu ni mzito, kaka. Uliolowa ni mzito zaidi. Theluji bado haijaja kukaa juu yake."

"Paa hili limetusitiri miaka yote," Kurbonali alisema.

"Limewasitiri. Sasa limechoka kubeba nguo."

Waliingia ndani. Hikmat alivua viatu mlangoni, akakataa chai. Jambo hilo lilimtisha Sharofat, kwa maana Hikmat alikuwa hajawahi kukataa chai.

Alitoa uzi mfukoni. Aliunyoosha ubavuni mwa boriti, kutoka mwisho mmoja hadi wa pili. Uzi ulinyooka. Boriti haikunyooka. Katikati ilikuwa na tumbo, imeshuka chini ya uzi kwa upana wa vidole vinne.

Kisha alichukua msumari mrefu, akauchoma kwenye boriti karibu na ukuta. Uliingia kama unaingia kwenye mkate.

"Hapa pameoza," alisema. "Mti mzima ungeukataa msumari. Mnajua kwa nini? Mlizamu wenu, huo mfereji wa kutolea maji paani, ni mfupi. Hautupi maji mbali, unayamwaga ukutani. Ukuta unayanywa na kuinywesha boriti."

"Na mlango?" Mehrangez aliuliza kwa sauti ndogo.

"Mlango umebanwa na uzito ulio juu yake. Ufa wa dirishani ni hadithi hiyo hiyo. Ufa mwembamba kama unywele kwenye chokaa si kitu. Ufa wa mshazari unaopanuka, huo unakuambia nyumba inasogea."

Alimgeukia Kurbonali.

"Kaka, nikuulize jambo moja. Wewe mwenyewe, kwa unavyoijua nyumba yako, ungemlaza mtoto huyu chini ya boriti hii usiku wa leo?"

Kurbonali aliinua bakuli lake la chai. Lilikuwa tupu. Alikunywa hivyo hivyo.

Sharofat ndiye aliyejibu, ingawa si alichoulizwa.

"Mtoto hatoki! Arobaini haijaisha. Baridi ya nje, macho ya watu, upepo wa mtoni! Mimi nimezaa watoto sita ndani ya chumba hiki, hakuna hata mmoja aliyevuka kizingiti kabla ya siku zake."

"Dada Sharofat, wakati huo paa lilikuwa jembamba."

"Usiniletee ufundi kwenye mambo ya uzazi!"

Hikmat hakubishana. Alileta kutoka kwake jasi kidogo, unga mweupe wa wajenzi, akaikoroga na maji. Alipaka kiraka kidogo juu ya ufa, kikashika pande zote mbili.

"Jasi haipindi," alisema. "Ukuta ukitulia, kiraka kitabaki kizima. Ukisogea hata kidogo, kitapasuka. Sogezeni susu mlangoni. Nitakwenda kuandaa miti ya kuegemeza. Mkiona kimepasuka, msinisubiri. Tokeni wote."

Alitoka. Mvua iliendelea. Walikaa mlangoni, wote wanne, kama wageni katika nyumba yao. Mehrangez alimnyonyesha mtoto bila kuondoa macho kwenye kiraka. Kurbonali alitazama sakafu. Sharofat alichambua mchele ambao ulikuwa umeshachambuliwa. Kila tone lililogonga beseni liliwashtua.

"Ni kizima," Sharofat alisema.

Baadaye akasema tena, "Si mnaona, ni kizima."

Adhana ya alasiri ilipokaribia aliinuka, akasogea kutazama kwa karibu. Kisha aligusa kiraka kwa ncha ya kidole. Katikati palikuwa na mstari mwembamba, kutoka juu hadi chini.

Juu yao boriti ikalia tena.

Sharofat alitupa sinia la mchele. Alimchukua mtoto mikononi mwa mamaye, akamtia kifuani ndani ya joho lake, akafunga mshipi juu yake mpaka hakuonekana hata pua. Alitwaa mkate uliowekwa chini ya mto wa mzazi kuwa kinga, akautia kwapani.

"Mama, arobaini..." Mehrangez alianza.

"Mtoto hajatoka. Nimetoka mimi," Sharofat alisema. "Na wewe jifunike, ingia nyuma yangu. Wewe mzee, unangoja kualikwa?"

Walivuka kizingiti. Mlango ulikwama, Kurbonali akausukuma kwa bega mpaka ukaachia. Walikwenda kwa mke wa Hikmat, ambaye alikuwa ameshawasha moto.

Hikmat hakumruhusu mtu apande paani siku ile. Kwanza alisimamisha miti minene chini ya boriti. Kila mti aliuweka juu ya ubao mpana, usije ukazama kwenye sakafu ya udongo. Aliikaza kwa kabari, taratibu, zamu kwa zamu. Hakujaribu kuirudisha boriti juu kwa nguvu.

"Ukiisukuma kwa pupa, unaivunja mwenyewe," alimwambia Kurbonali. "Tunaishika tu isishuke zaidi."

Kisha paa lilifunikwa kwa turubai. Mvua ilipokatika, kijiji kizima kilikuja kwa msaragambo. Walipanda wachache wachache. Hikmat alisimama chini, sauti imemkauka kwa kupiga kelele.

"Kwangueni pande zote mbili kwa pamoja! Msirundike upande mmoja! Shusheni kwa vikapu, na msimwage karibu na ukuta!"

Udongo ulitoka tabaka baada ya tabaka, wa kahawia, wa kijivu, wa manjano. Kurbonali aliyajua yote.

"Hili nililipaka mwaka wa harusi ya dada yangu," alisema.

"Na hili?" jirani mmoja alimtania. "Mwaka wa harusi ya bibi yako?"

Hata Sharofat alicheka, lakini alikuwa akitazama milima. Mawingu ya theluji yalikuwa yameshashuka. Kila alipopokea kikapu aliyatazama tena.

Waliweka boriti mpya, mti mkavu ulionyooka. Ncha zake waliziegemeza juu ya jiwe bapa, si juu ya udongo mtupu. Walirudisha udongo wa shubiri moja tu, wenye mteremko mdogo kuelekea kwenye mlizamu. Mlizamu mpya ulikuwa mrefu, ukatupa maji mbali na ukuta.

"Mwakani ukitaka kupaka, kwanza kwangua tabaka la zamani," Hikmat alimwambia Kurbonali. "Unatoa, ndipo unaweka. Na theluji isikae juu. Isukume kwa koleo la mbao, kidogo kidogo, isije ikaganda ikawa kama mawe."

Hikmat alipaka kiraka kipya cha jasi juu ya ufa. "Tungoje," alisema.

Theluji ilianguka usiku ule. Ikaanguka na kesho yake. Nyumbani kwa Hikmat, Mehrangez alihesabu kila sauti aliyoisikia kutoka nyumba ya pili. Sharofat alikwenda na kurudi, akikung'uta viatu.

"Kiraka?" Mehrangez aliuliza kila mara.

"Kizima."

Ilipotulia theluji, wote walikwenda kutazama. Sharofat alitangulia, mtoto akiwa amefichwa ndani ya joho. Mlango ulifunguka kwa kidole kimoja. Hikmat alinyoosha uzi. Boriti na uzi vilikwenda sambamba. Kiraka hakikuwa na mstari wowote.

Hakuna aliyeketi. Sharofat alisimama kizingitini, hakuingia. Alimtazama mumewe.

Kurbonali alizunguka chumba. Aliweka kiganja ukutani. Alitazama juu muda mrefu, akisikiliza. Hapakuwa na sauti yoyote, ila ya kuni zikiwaka jikoni.

"Hikmat," alisema. "Siku ile uliniuliza kitu."

"Nilikuuliza, kaka."

"Nilijua jibu. Lilikuwa hapana. Niliona haya kulisema, kwa sababu udongo ule wote niliupandisha mimi." Alishika susu kwa mikono miwili, akaiburuta mpaka chini ya boriti, akatandika godoro lake dogo. Kisha akamnyooshea mkewe mikono. "Leo nitamlaza mwenyewe. Mlete."