Moto wa Shimo la Nkololo

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya shule, Nyanjige alibeba ndoo ya maji machafu ya jikoni hadi kwenye shimo la gesi la kijiji cha ujamaa cha Nkololo. Aliyachanganya na mavi ya ng'ombe, akayamimina. Gesi ya shimo hilo ilipita kwenye bomba hadi zahanati, ambako muuguzi Lukresia aliwachemshia kina mama waliojifungua maji na uji.

Shimo lilichimbwa na baba yake Nyanjige. Alifariki kwa homa, wiki mbili kabla moto haujawaka. Kila alipouona mwali wa buluu kwenye jiko la zahanati, Nyanjige alihisi baba yupo karibu.

Kiangazi kilipokaza, maji ya jikoni yakapungua. Kisima kilikuwa mbali. Siku tatu Nyanjige alichota maji kwenye mfereji wa josho la ng'ombe.

"Maji ya josho hayo!" rafiki yake Milembe alishangaa.

"Machafu ni machafu tu. Shimo litajuaje?"

Wiki iliyofuata moto ulizimika. Mwenyekiti wa kijiji alimwita Mzee Saidi, mlinzi wa shimo.

"Umezembea, mzee. Kazi hii tutampa mwingine."

Mzee Saidi aliinamisha kichwa. Nyanjige akatazama mpini wa ndoo yake. Mzee huyo ndiye aliyeuzungushia kitambaa ili usimuumize mkono.

"Si yeye," alisema Nyanjige, machozi yakimtoka. "Ni mimi. Nilitia maji ya josho."

Lukresia, aliyekuja kuulizia gesi, alimshika bega. "Humo shimoni kuna vijidudu, mwanangu, wadogo hata hawaonekani. Wanakula uchafu na kutoa gesi. Dawa ya kupe iliyomo kwenye maji ya josho imewaua."

"Basi nimeizima kazi ya baba."



Wanakijiji walilitoa tope lenye sumu shimoni, wakalifukia mbali na mashamba, wakajaza mavi mapya. Kwa wiki sita Lukresia alipikia kuni, macho mekundu kwa moshi. Kila alfajiri Nyanjige alikwenda kisimani, na Mzee Saidi alimpokea ndoo njiani.

Siku moja mwali wa buluu ulirudi.

"Baba angefurahi," Nyanjige alinong'ona, akalia.

"Angefurahi, mayu, mama yangu," alisema Mzee Saidi. "Ungenyamaza, tungeendelea kujaza mavi juu ya sumu. Umesema kweli, ndipo tukajua pa kuanzia. Kosa likitokea, liseme mapema."

Kisha akamfungia kitambaa kipya kwenye mpini.