Mole Haiwi Rica

"Soma kwa sauti," Nereida alisema, akamsukumia mumewe simu juu ya meza.

Eleazar alikuwa ametoka kuoga, taulo kiunoni, maji yanamchuruzika. Simu alikuwa ameiacha jikoni ikichaji.

"Si ujumbe tu nilioandika kushukuru chakula?"

"Nimesema soma."

"'Bien rica, como siempre.' Tamu sana, kama kawaida. Basi! Jana nilipita kwa komadre Zenaida, akanipa mchuzi wa mole. Kosa langu nini?"

Zenaida hakuwa mtu baki. Ndiye aliyemshika binti yao siku ya ubatizo, hapo hapo Atlixco, Mexico, na tangu siku ile yeye na Nereida wakawa makomadre, na Eleazar akawa kompadre wake. Undugu huo watu wa kule huuheshimu kuliko hata wa damu.

"Mole?"

"Mole, naapa kwa Bikira!"

"Muache Bikira, ana shughuli zake. Mole ni dume, Eleazar."

Jamani, Kihispania kina mambo yake. Kila kitu ni dume au jike, mpaka sufuria. Mole ikikolea ni rico. Ukimalizia na a, unasifia kitu cha kike: supu, au tortilla, chapati zao za mahindi. Au mwanamke, na mwanamke akiambiwa rica, hapo hasifiwi tabia.

"Nilikosea kubonyeza," Eleazar alisema. Kisha akachangamka. "Aa, supu! Kulikuwa na supu pia!"

"Sasa imekuwa supu?"

"Ilianza supu, ikafuata mole."

"Haya, tumuulize mpishi."

Eleazar akainyooshea simu mkono. Nereida akauzaba kofi, akampigia Zenaida na kuweka sauti ya wazi.

"Komadre, hujambo? Eleazar anaisifia supu uliyompikia jana mpaka nami naitamani. Uliweka nini?"

"Supu?" Zenaida akacheka. "Komadre nawe! Supu gani, na gesi imeniishia tangu Alhamisi? Mwenyewe nakula vya kununua..." Kicheko kikakatika. "Eleazar yuko hapo?"

Eleazar. Si kompadre. Miaka yote hiyo Nereida hakuwahi kumsikia akimwita mumewe kwa jina tupu, na sasa lilimtoka kama jina alilozoea kuliita kila siku. Akashika kiti. Iliuma, tena iliuma vibaya.

"Yupo. Kanywea."

"Komadre, nisikilize, ni shetani tu..."

"Shetani hana simu, Zenaida."

"Mke wangu, ilikuwa mara moja!" Eleazar akadakia.

"Umeandika 'kama kawaida.' Mara moja ina kawaida, wewe mwanamume?"

Kwenye simu ilisikika kwikwi.

"Usilie, bado sijamaliza," Nereida alisema. "Mwanangu nilikukabidhi mwenyewe, mbele ya padri, kwa mikono yangu miwili. Mume sikukupa, ulijichukulia. Basi kaa naye. Ila mtoto wangu usimguse tena maisha yako yote."

Akakata simu, akaenda kufungua mlango wa barabarani.

"Toka."

"Nere, nimevaa taulo!"

"Huko unakokwenda wanakujua hata bila hiyo."

Alimsukuma nje, akafunga kwa komeo. Kisha akakaa chini sakafuni, pale pale mlangoni, akalia kwa sauti mpaka majirani wakatoka.