Folda ya Selestina

Risasi zilimiminika kitandani mpaka blanketi likashika moto.

Ndani ya blanketi hapakuwa na mtu. Yalikuwa majani makavu ya migomba, yamefungwa kamba.

Nyuma ya tanuru la matofali, hatua chache kutoka nyumba hiyo, kijijini Kanazi, Fathiya Saidi alitabasamu. Wametia mguu mtegoni, wapumbavu! Jua la asubuhi lilikuwa likimchoma kisogo, naye alikuwa amelala hapo tangu alfajiri, siafu wakimtembelea mapajani.

Wauaji watatu walitoka mbio.

Bastola yake, Glock, ilikohoa mara mbili. Wawili walianguka mlangoni. Wa tatu alipigwa ya mguu, akagaagaa mavumbini akimwita mama yake. Fathiya alimwendea taratibu, akakanyaga lile jeraha kwa kisigino cha buti.

"Nani kawaambia Anastazi yuko hapa?"

"Sijui! Kanali ndiye anayepigiwa. Sisi tunatumwa tu!"

"Basi mpigie Kanali. Mwambie hamkumkuta, amehamishwa. Ukiongeza neno, unawafuata hawa."

Akapiga. Akasema kama alivyoambiwa. Kisha Fathiya akamfunga na kumtupa kwenye buti la gari lake, Probox, akalifunga kwa kishindo. Halafu akampigia mkuu wake, Idara ya Usalama.

"Mkuu, wamekuja."

"Wapi?"

"Kanazi."

Mkuu akashusha pumzi. "Basi ni Selestina. Malizana naye."

Kanali huyo alikuwa askari mtoro. Hakuna aliyejua ni wa nchi gani, ila bunduki zake zilivuka mpaka wa Rusumo ndani ya malori ya mizigo, zikaenda kuua watu wa watu. Walioiona sura yake walikuwa wawili. Dereva Niyongabo alifichwa, lakini akaokotwa chini ya maporomoko, hana mikono. Akabaki utingo wake, Anastazi. Bila yeye, hapakuwa na mtu wa kunyoosha kidole na kusema: huyu ndiye.

Nani alimuuza Niyongabo? Mahali alipofichwa palijulikana na watu wawili wa Tanzu Tatu, ofisi ndogo ya uwakala wa forodha pale Rusumo iliyokuwa imemwajiri. Mmoja ni Celestini, bosi. Mwingine ni Selestina, karani wa nyaraka, aliyekuwa akimpelekea chakula.

Kwa hiyo Fathiya aliingia ofisini hapo akijiita fundi wa kompyuta.

Alikuta aibu tupu. Kila kitu kilirundikwa kwenye folda moja, wazi kama soko la Jumamosi. Aliyetaka alisoma, aliyetaka alifuta. Akaibomoa. Akampa kila mtu jina lake la kuingilia na paswedi yake, na kila mtu folda yake. Ukigusa isiyo yako, mtambo unakutolea macho: huna ruhusa. Ndani ya folda ya bosi aliandika kwamba Anastazi yuko Biharamulo. Ndani ya folda ya Selestina, kwamba yuko Kanazi. Uongo mtupu, kote kuwili. Taufiki, karani wa malori, hakuwekewa kitu, maana hakushukiwa.

"Paswedi haiazimwi kama chumvi," aliwaambia. "Tumeelewana?"

"Tumeelewana, dada fundi," wakaitikia wote. Selestina ndiye aliyeitikia kwa sauti kubwa kuliko wengine.

Na wauaji walikuwa wamekuja Kanazi.

Selestina alikuwa Lusahunga, kwao, msibani. Fathiya aliegesha gari kando ya malori, akajifunga khanga juu ya suruali, akaingia chini ya turubai.

"Shikamooni. Poleni na msiba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu," wakaitikia wazee.

Selestina alikuwa kwenye mkeka, macho yamevimba. Alipomwona, alinyanyuka akamkumbatia. "Dada fundi! Umekuja kumzika mama yangu?"

Fathiya alimshika mkono, akamzungusha nyuma ya jiko la msiba, akamwekea Glock ubavuni.

"Umemuuza Anastazi."

"Nani? Mimi? Tangu mama azidiwe sijagusa hata kompyuta! Muulize Taufiki, yeye ndiye anayekaa kwenye meza yangu."

"Folda yako haifunguki bila paswedi yako."

"Si nilimwachia!"

Fathiya aliishusha bastola. "Nilikwambia nini, Selestina?"

"Sasa nikifiwa mimi, na malori nayo yafiwe? Madereva walale mpakani kwa sababu mama yangu amekufa? Hata Taufiki alipomzika baba yake, alinipa ya kwake. Hata kabla hujaja tulikuwa tunaachiana funguo za kabati, hata chakula cha Niyongabo alinipelekea mama alipoanza kuugua. Ndivyo tunavyoishi, dada. Mtu akienda kulia, mwenzake anamshikia kazi."

Heh! Idara nzima, na vyeti vyake vya ng'ambo, haikuwaza jambo hilo. Fathiya alijenga ukuta, wenye nyumba wakapokezana mlango. Naye nusura amuue mfiwa nyuma ya jiko la matanga.

Hakuomba radhi. Radhi haikuwa kazi yake.

Alifungua laptop juu ya gunia la mkaa, akaingia kwenye seva ya Tanzu Tatu, akaandika upya ndani ya folda ya Selestina: Anastazi amehamishiwa machimbo ya mawe, Rusumo. Jioni hii anavushwa. Hana mlinzi.

"Mpigie Taufiki. Mwambie kuna taarifa mpya kwenye folda yako, akusomee."

Selestina alimtazama. "Mtamfanya nini? Taufiki ndiye aliyenunua sanda ya mama yangu."

"Piga."

Akapiga. Taufiki alisoma polepole, kwa sauti ya upole, neno kwa neno. Halafu akasema, "Dada yangu, ule kidogo, eh? Usijilaze njaa."

Selestina alikata simu, akaketi chini na kulia upya. Safari hii hakuwa akimlilia mama.

Jioni Kanali alikuja machimboni mwenyewe, kwenye Land Cruiser nyeupe. Wale watatu walikuwa wamemwangusha, hakutaka kutuma tena.

"Magari mawili," redio ilinong'ona.

"Yaache yaingie."

Yaliingia. Vijana wa Idara waliokuwa juu ya mwamba walifyatua kwa pamoja. Kanali alifungua mlango, akapiga hatua moja, akalala kifudifudi kwenye kokoto. Hakubaki hata mmoja.

Fathiya alifungua buti la Probox, akamkata kamba yule mwenye jeraha. "Tazama vizuri. Aliyewaponza Kanazi na aliyemleta Kanali hapa ni mtu mmoja. Anaitwa Taufiki, wa Tanzu Tatu. Nenda kawasimulie wenzako waliobaki."

Yule mtu aliondoka akichechemea, hakugeuka nyuma.

Taufiki alikuwa peke yake ofisini, ameketi kwenye kiti cha Selestina. Simu yake ilikuwa inalia mezani, inanyamaza, inalia tena. Alipomwona Fathiya mlangoni, alielewa yote.

"Kanali aliniahidi lori," alisema. "Lori langu mwenyewe."

"Niyongabo alikuwa na watoto watano."

Taufiki akanyoosha mikono yote miwili mbele. "Nikamate, dada. Tafadhali. Nifunge hata miaka thelathini. Watu wa Kanali wakinikuta nje..."

Fathiya aliinama, akageuza kioo cha kompyuta kimwelekee. Mistari miwili: siku ya Kanazi, siku ya machimbo. Pembeni, jina la aliyefungua.

Selestina. Selestina.

"Nikukamate kwa lipi? Kwenye mtambo huu hujawahi kugusa kitu."

"Dada fundi! Kwa jina la Mungu!"

Alichomoa diski ya seva, akaitia mfukoni, akatoka. Nje alimpigia shangazi yake, Ngara mjini.

"Mgeni wetu Anastazi hajambo?"

"Hajambo, anakula. Pilau sahani ya pili."

"Muongezee nyama."

Nyuma yake, ndani ya ofisi, simu ilikuwa inalia tena. Pikipiki mbili zilimjia barabarani, taa zimezimwa, zikielekea Tanzu Tatu.

Fathiya alisogea pembeni kuzipisha.