Kura ya Kirsty

Kila Jumapili nyumbani kwetu ni nyama ya kuoka, viazi na mchuzi mzito. Binti yetu Kirsty anafanya kazi Leeds, amepanga chumba huko. Alizoea kuja kwa treni kula nasi.

Jumapili moja uchaguzi ulikuwa umetangazwa. Mume wangu Clive alishabandika karatasi nyekundu ya chama dirishani, kama nyumba zote za mtaa wetu wa wachimba makaa. Kirsty akaitazama.

"Baba, safari hii mimi siwapi kura hao."

Clive akaweka uma chini. "Unajua mtu wa namna hiyo tulimwitaje wakati wa mgomo wetu wa mgodini? Msaliti."

"Mgomo uliisha sijazaliwa, Baba."

"Basi usikanyage hapa."

Kirsty akachukua koti lake, akaondoka. Jumapili iliyofuata nilimwekea sahani. Na iliyofuata tena. Kila treni ikipita nachungulia dirishani kama mjinga. Wazazi wenzangu, chakula hakishuki kooni mtoto akiwa amefukuzwa.

Jirani yetu Maureen, ambaye husimamia kituo cha kura, alikuja kunywa chai. Akaiona ile sahani tupu. Nikamweleza.

"Clive," akasema, "chama chako alikufundisha nani?"

"Baba. Na yeye baba yake. Tulishuka shimoni pamoja, tukalewa klabu moja. Ningempa nani mwingine?"

"Umeona? Kazi ilikufundisha, na mtaa, na baba yako. Sasa shimo limefungwa. Kirsty anafanya kazi na watu wengine, kodi ya chumba inammaliza. Vijana wana shida zao, wazee tuna zetu. Mtu hupiga kura kulingana na maisha yake."

"Kwa hiyo amekuwa mtu wa Leeds."

"Amekuwa mpangaji. Na kura ni siri, hata kwa baba. Ukimfukuza hatabadili chama. Ataacha kupiga kura, au ataacha kuja."

Clive akakoroga chai ambayo haikuwa na sukari.

Mimi roho ilikuwa juu. "Maureen, alihama chumba majira ya baridi. Jina lake kwenye daftari la wapiga kura liko wapi?"

"Pengine bado kule alikotoka. Zamani baba aliandikisha nyumba nzima. Siku hizi kila mtu hujiandikisha mwenyewe, na akihama anajiandikisha upya kabla ya siku ya mwisho. Tena abebe kitambulisho chenye picha. Asipokuwa nacho, sina ruhusa ya kumpa karatasi ya kura, hata nikimjua tangu utotoni."

"Siku ya mwisho lini?" Clive akauliza.

"Jumanne."

Clive akaninyooshea mkono. "Nipe simu." Ikalia muda mrefu. "Kirsty, ni mimi. Umejiandikisha hapo ulipohamia?" Akasikiliza. "Sikuulizi utampa nani, mwanangu. Jiandikishe leo."

Alijiandikisha jioni ileile. Siku ya uchaguzi alienda na leseni yake ya udereva, akapiga kura.

Jumapili akaja. Clive alimfungulia mlango mwenyewe. "Umekonda," akasema. "Kaa ule." Hakuuliza kingine.

Clive alipokwenda jikoni, Kirsty akaniinamia. "Na wewe, Mama? Ulimpa nani?"

Miaka yote nilimpa yule ambaye Clive alimpa.

"Kula," nikamwambia. "Chakula kinapoa."