Uzi wa Hofu

Kifuatanyuzi kiliingia kichwani mwa Asnati saa nne kamili asubuhi, na uzi wa kwanza ukawaka kijani kwenye kioo.

Kilikuwa kimashine kidogo kuliko punje ya ulezi. Kilianzia penye kiini cha hofu, ndani kabisa ya ubongo, kikashuka uzi kwa uzi hadi ubongo wa kati, panapotolewa amri ya kukimbia au kuganda. Kikishafika, mwale hukata. Hofu kwisha! Na Asnati alitaka iishe. Tangu maporomoko ya udongo yalipomeza nyumba yake, mvua ikianza tu alijifungia chooni na mtoto wake mchanga, akitetemeka mpaka ikatike.

Aliyekiunda ni dada yake, Dakta Siwema Kihwele. Alikwisha kuwakata uzi huo panyabuku arobaini wenye kunyonyesha. Fomu zilisema wote wazima, na vitoto vyao vyote hai.

"Dakika sita kabla ya kukata," mashine ilitangaza.

Kobelo, mtunza panya, alichungulia mlangoni. "Samahani Daktari, leo kufagia nitachelewa. Bado sijavinyonyesha."

"Kunyonyesha nini?"

"Vitoto vya panya. Mama zao wakishakatwa hawageuki hata vikilia. Basi kila asubuhi naviweka kwenye titi kimoja kimoja. Ningeviacha vife, jamani?"

Siwema aligeuka kutoka kwenye kioo. "Miezi yote hii! Mbona hukuandika?"

"Fomu inauliza vimekufa vingapi. Havijafa."

Hasira ilimpanda, lakini amkasirikie nani? Yeye mwenyewe hakuwahi kukanyaga kule kwenye banda la panya. Alisoma fomu tu. Kumbe uzi unaomkimbiza mama ndio huohuo unaomfanya ageuke mtoto wake akilia.

"Dakika moja."

Akakipiga kitufe cha kuzima kwa ngumi. Kioo kikawa cheusi.

Dawa ya usingizi ilipomwisha, Asnati alifumbua macho. "Dada, bado naogopa."

Chumba cha pili mtoto akalia. Asnati aliinuka na nyaya zake zote, mikono mbele. "Mleteni! Mleteni mwanangu!"

Siwema alimkumbatia huku machozi yakimtoka. "Ogopa, mdogo wangu. Wewe ogopa tu."

Ndipo akawakumbuka wanawake saba waliotangulia kukatwa uzi huo, ambao wote walirudi kumshukuru. Akampigia simu wa kwanza. Ilipokelewa na sauti ya kitoto.

"Shikamoo."

"Marahaba. Mama yupo?"

"Yupo. Mdogo wangu kamwagikiwa chai ya moto, analia. Mama anamwangalia tu."