Kiti cha Kuagia

Simu ilikuwa mezani, kando ya cherehani, inachaji. Hilo ndilo Mama Pazia alilolikumbuka baadaye kila alipojaribu kujidanganya kwamba hakusikia kitu.

Jioni ile alikuwa anakunja pindo la mapazia ya hoteli, kazi iliyompa hilo jina mtaa mzima. Binti yake wa mwisho, Kitinda, alikuwa chumba cha nyuma kunakowekwa majora ya vitambaa, anafanya mazoezi ya Kikorea. Sauti ya mtoto ikaja kupitia ukutani:

"Anyong'i keseyo."

Na sauti nyingine ikaitikia, taratibu, kwa adabu:

"Anyong'i kaseyo."

Mama Pazia hakushtuka. Si anajifunza kwa simu? Simu ina mwalimu wake humo ndani. Akakata uzi kwa meno, akainua macho kutafuta mkasi, na macho yakatua kwenye ile simu. Kioo cheusi. Imezimwa.

"Kitinda!"

"Abee, mama."

"Unaongea na nani huko?"

"Na kiti!" Akacheka.

Kweli alikuwa anaongea na kiti. Kitinda alikuwa amepata nafasi ya kazi kwenye kiwanda huko Korea, amefaulu mtihani wa kuandika, amepimwa damu na macho, na kilichobaki ni usaili wa ana kwa ana. Mwalimu wao alikuwa amewatia hofu: wale mabosi, alisema, hawaangalii sana unavyoingia, wanaangalia unavyoaga. Kwa Wakorea kuaga kuna zamu mbili. Anayeondoka anamwambia anayebaki, "Anyong'i keseyo," yaani kaa kwa amani. Anayebaki anamwambia anayeondoka, "Anyong'i kaseyo," nenda kwa amani. Na usimpe mkubwa mgongo. Unainama, unarudi kinyumenyume mpaka mlangoni, ndipo unageuka.

Basi Kitinda akaweka kiti cha mbao katikati ya chumba cha nyuma, akakitandikia kitambaa kizuri, akakifanya ndiye bosi. Kila asubuhi na kila jioni anakiinamia, anakiambia kaa kwa amani, anatoka kinyumenyume.

Wifi yake Mama Pazia, dada wa marehemu mume wake, alikuwa na mdomo usiolala. Siku moja alisimama mlangoni akatazama mazoezi yale, akapiga makofi.

"Makubwa haya! Kaseyo, keseyo! Sasa watu kumi wakiachana mlangoni si mpaka jua lizame? Sisi kwaheri moja tu, kila mtu anashika njia yake."

"Ndiyo adabu yao, shangazi."

"Adabu gani kukiinamia kiti? Mimi shangazi yako hujawahi kuniinamia hata siku moja, na nina mgongo mbovu kuliko hicho kiti."

Walicheka wote. Mama Pazia naye alicheka, lakini kicheko hakikushuka mpaka tumboni, kwa sababu wakati wifi anasema hivyo, kile kiti kililia kidogo, mlio wa mbao, kama mtu mzito amejiweka vizuri apate kusikiliza.

Baadaye ikaja harufu. Harufu ya nguo mbichi iliyounguzwa na pasi. Mama Pazia alikimbia kuangalia pasi yake, akaikuta baridi, waya umechomolewa. Akanusa mapazia moja moja. Harufu haikutoka kwenye mapazia. Ilitambaa chini ya mlango wa chumba cha nyuma, na ilizidi kila Kitinda alipokuwa ndani.

Usaili Kitinda aliupita. Mabosi walimsifu mno, mmoja akasema hajawahi kuona mgeni anayeaga vizuri namna ile. Nyumba ikajaa vigelegele. Mama Pazia akafikiri, sawa, sasa yamekwisha, kiti kitarudi sebuleni.

Lakini asubuhi iliyofuata Kitinda aliingia tena chumba cha nyuma.

"Mwanangu, si umeshapita?"

"Nimezoea tu, mama." Hakumtazama usoni. Kisha akasema polepole, kama anayeona aibu: "Nisipokiaga sitokeki vizuri. Miguu inakuwa mizito."

Mama Pazia alirudi kwenye kazi yake. Alikaa kwenye cherehani bila kukanyaga pedali, akasikiliza. Akasikia nyayo za mtoto. Akasikia kimya, yaani anainama. Akangoja lile neno la kila siku, la anayeondoka, na akalisikia, "Anyong'i keseyo," ila halikusemwa na Kitinda. Lilisemwa na ile sauti nyingine, safari hii karibu na mlango, kana kwamba iliyokuwa imekaa siku zote imesimama, imeinama, na sasa ndiyo inayoondoka, na mtoto ndiye anayeachwa akae.

"Mama," Kitinda akaita, kwa sauti ndogo ya utotoni. "Mama, siwezi kuvuka."

Mama Pazia alimkuta kizingitini, macho yamemtoka, miguu imeng'ang'ania sakafu kama imepigwa misumari. Alimshika kiunoni akavuta, akaita jina la Mungu, akavuta tena, na wifi akaja mbio naye akashika mkono mmoja, na wakati wanavuta wote wawili walihisi upande wa pili kuna anayevuta, si kwa ukali, kwa upole kabisa, kama mwenye nyumba anayemwambia mgeni bado mapema, kaa kidogo. Kisha kile kilichovuta kikaachia, wote watatu wakaanguka ukumbini mmoja juu ya mwenzake. Ndala za Kitinda zilibaki ndani, zimepangwa sawasawa, zimeelekea kwenye kiti.

"Huyo ni jini," wifi alinong'ona. Kwa mara ya kwanza hakuwa na utani.

Wakamwita yule waliyemwita Fundi wa Upepo, bwana mwembamba mwenye kikohozi, aliyesifika kwa kutoa majini kwenye nyumba za watu. Aliingia chumba cha nyuma peke yake. Walimsikia akiamuru, akisoma, akibembeleza, akibadilisha lugha baada ya lugha. Alitoka jasho linamtiririka.

"Ametoka?" Mama Pazia akauliza.

"Nina maneno makali ya kila aina, mama. Jini mkorofi namweza. Huyu hana ukorofi. Huyu ana adabu." Akakohoa. "Mtoto wako amemwambia nini kila siku?"

"Kaa kwa amani."

"Na yeye amekaa. Utamfukuzaje aliyeombwa akae, tena kwa kuinamiwa?"

"Basi tumwambie aende! Si kuna neno lake?"

"Lipo. Lakini nieleze wewe: neno la kumwambia mtu nenda, kwa hao watu, linasemwa na nani?"

Mama Pazia akautazama mlango wa chumba cha nyuma. Alilijua jibu.

"Na anayebaki," akasema mwishowe.

"Ndiyo hivyo. Atakayemwambia aende, huyo ndiye atakayebaki humo. Sina dawa ya hapo, dada yangu. Ningekuwa nayo ningekupa bure."

Safari ya Kitinda ilikuwa Ijumaa. Na ilikuwa wazi kwamba hataondoka salama, kwani sasa hata akiwa jikoni au bafuni miguu ilikuwa inamganda, na mtu akimwita kutoka nje huchelewa kuitika, kama anayeomba ruhusa kwanza. Mama Pazia alikesha akiyageuzageuza. Kulipokucha alikuwa ameshaamua. Hakumwambia mtu.

"Nifundishe," alimwambia binti yake. "Nataka nikuage kwa hicho Kikorea chako."

Uso wa Kitinda ukafunguka kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Wakakaa kwenye mkeka, mama na mtoto, magoti yanagusana.

"Anyong'i."

"Anyongo."

"Mama! Anyongo! Nyongo ya kuku?"

"Ulimi wangu mzee, uhurumie. Anyong'i."

"Kaseyo. Usiikate. Iache ipande kidogo mwishoni, kama unamtakia heri kwelikweli."

"Anyong'i kaseyo."

"Sasa inama. Siyo hivyo mama, umekuwa kama unaokota sindano. Mgongo unyooke."

Mama Pazia aliinama na kuinuka, akainama na kuinuka, mpaka wakachoka kwa kucheka, na alipokuwa ameinama mara ya mwisho alifuta machozi haraka kwa kiganja, mtoto asiyaone.

Ijumaa gari likaja. Wifi akatoa sanduku nje huku anamfokea dereva asilikwaruze. Kitinda akasimama kwenye mlango wa mbele, anahangaika kuvuka kizingiti, mguu mmoja nje, mwingine umegoma. Mama Pazia akageuka, akapita ukumbini, akaingia chumba cha nyuma, akafunga mlango nyuma yake.

Harufu ya nguo iliyoungua ilikuwa imejaa humo ndani. Kitambaa juu ya kiti kilikuwa kimebonyea katikati. Aliunyoosha mgongo kama alivyofundishwa, akainama, akasema vizuri, bila kuikata:

"Anyong'i kaseyo."

Kile kiti kikalia. Kitambaa kikainuka polepole. Kitu chenye ubaridi kikampita begani, kikasimama mlangoni, naye alijua bila kukiona kwamba kilikuwa kimemwinamia. Mlango ukafunguka, ukajifunga taratibu. Papo hapo akamsikia Kitinda nje akipiga kelele ya furaha: "Shangazi, miguu imefunguka! Nimevuka!"

Mama Pazia alitaka kumkimbilia. Miguu haikuinuka. Hakushangaa, alijua bei yake. Alijikokota, mwili tu, mpaka mikono ikashika nondo za dirisha la ubavuni, linaloonyesha barabara, akamwona binti yake anatembea mwepesi kuelekea kwenye gari. Akashukuru. Moyo wake ulitulia kabisa, kwa muda wa pumzi moja.

Kwa sababu dereva alimfungulia Kitinda mlango wa nyuma, Kitinda akaingia, akasogea, na dereva hakuufunga. Alisimama ameushika, akajisogeza pembeni kidogo kama unavyompisha mtu mzima apite, na gari likainama upande ule, likatulia, ndipo akafunga, na uso wake haukuonyesha kwamba amefanya jambo lolote la ajabu, na Mama Pazia akaelewa pale pale dirishani kwamba alikuwa amekiambia kiende, lakini hakuwa amekiambia kiende wapi.

Kitinda akashusha kioo. Akamwona mama yake dirishani, akatabasamu, akainamisha kichwa.

"Anyong'i keseyo, mama!"

Sauti zilikuwa mbili, zinakwenda pamoja.

Mama Pazia akajaza kifua pumzi. Shuka, alitaka kupiga kelele. Shuka, mwanangu, shuka sasa hivi. Alifungua mdomo kwa nguvu zake zote, na kilichotoka kilikuwa laini, kimenyooka, kimepanda kidogo mwishoni, kizuri kuliko alivyowahi kukitamka:

"Anyong'i kaseyo."

Kitinda akapiga makofi kwa furaha, machozi yanamtoka. Gari likaanza kuondoka.

"Msikie wifi yangu!" yule shangazi akawatangazia majirani pale nje, anapunga mkono, anacheka na kulia. "Kumbe kashika kweli!"