Chumvi Kifuani mwa Kapteni

Kapteni Archibald Muschet, Mskoti, alikutwa amekufa alfajiri ghalani, chini ya Lango la Mashariki la Wervelde, Flandria, mwaka 1583. Kisu kilikuwa ubavuni, macho yamefumbwa, kifuani kisahani cha chumvi. Nje ya kuta, Wahispania Wakatoliki walisubiri mji huo wa Waprotestanti, uliolindwa na askari wa Skoti, ulegee.

"Kisu ni cha Joos mwenye baa," alisema kanali. "Mkatoliki yule. Adhuhuri ananyongwa."

"Kisu cha baa kila mlevi hukishika, bwana," alijibu Sajini Ninian Haldane. "Niachie asubuhi hii."

Alimkuta Joos kwenye minyororo, analia.

"Sajini, nina watoto mimi!"

"Chumvi uliiweka ya nini?"

"Chumvi? Mji unakufa njaa, mimi nikampe maiti chumvi? Ili iweje?"

Loo! Mflemi huyu, mzaliwa wa Flandria, hakuijua mila. Kwao Ninian, Skoti, maiti halazwi bila chumvi kifuani. Na Mskoti asiye na la kuficha angemkuta kapteni wake hivyo asiite watu? Kikulacho ki nguoni mwako.

Akaenda kambini, askari wakinywa uji wa shayiri. Akapita akionja bakuli za watu.

"Njaa hiyo, Sajini, au wivu?" walimtania.

Alipofika kwa Murdo Rattray, ndugu wa kunyonya wa kapteni, Ninian hakucheka.

"Uji wako hauna chumvi, Murdo. Mgao wa chumvi ulitoka jana."

"Imekwisha."

"Na kisahani?"

Murdo akaweka kijiko chini.

"Tulinyonya ziwa moja, Sajini. Ningemwachaje vile, kama mbwa?"

"Kwa nini basi, mwanangu?"

"Wahispania walimnunua. Leo usiku angewafungulia lango. Nilimsihi, nikampigia magoti, akanicheka. Kisu kilikuwa mezani kwa Joos, nikakichukua."

"Mbona hukumshtaki?"

"Wangemkatakata sokoni! Jina lake lingenuka hadi kwetu, na mama yangu ndiye aliyemlea."

"Na Joos afe?"

Murdo alilia kwa sauti. "Hapana. Nipeleke. Ila sema tuligombania kamari. Nakuomba, kaka."

Ninian aliongeza walinzi langoni, kisha akamwambia kanali kuhusu kamari.

Adhuhuri Joos alishushwa ngazi ya mti wa kunyongea, Murdo akaipanda bila kusukumwa. Umati ukazomea: "Shetani! Kaua ndugu kwa kamari!" Ninian alisimama pale chini, machozi yakimtiririka, na hakuwanyamazisha.